Mkalimani Aliyeuliza Kitabu

Kwa muda wote niliomjua, mtu huyu alisema maneno ya watu wengine. Wahubiri walikuja Ikutha kutoka Nairobi, kutoka Marekani, kutoka nchi ambazo sikuwahi kushika majina yake, wakasimama mbele yetu na Kiingereza chao, naye akasimama kando yao akakigeuza kuwa Kikamba. Wahubiri walisahauliwa kabla ya pojo kukomaa shambani, lakini sauti yake ilibaki. Tulimwita Mkalimani. Hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Jina lake nalijua, lakini halina kazi hapa.

Tumemzika mwaka huu. Mazishini walisimama watu wengi wakasema kwamba hakupata kukosea neno hata moja. Niliketi nikasikiliza, nikaona si vyema marehemu kuzikwa na sifa isiyo yake. Alikosea neno moja, na neno hilo liliangukia nyumba yangu. Mimi sikusoma, kwa hiyo nimemketisha mjukuu wangu aandike ninavyosema.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo iliyotangulia mbele kama ya mtu anayechungulia kisima. Koti lake la rangi ya majivu alilifunga vifungo vyote hata katika jua la Oktoba, wakati mbuzi wenyewe wanasukumana kutafuta kivuli cha ukuta. Siku ya kutafsiri hakula chochote asubuhi. Alisema tumbo lililoshiba huulaza ulimi. Akimaliza kazi alikula kwa pupa, akiwa ameinama, hasemi na mtu, na ole wake aliyemwuliza mahubiri yalikuwaje.

Hakupenda madoido. Wakati mmoja alikuja mhubiri kijana, mwenye viatu vinavyometa, ambaye hakuweza kusema sentensi mbili bila kuruka. Aliruka, akapiga magoti, akainuka, akaruka tena. Mkalimani alisimama wima kama nguzo ya seng'enge, akitafsiri. Kijana akakatiza mahubiri, akamgeukia kwa Kiswahili.

"Ndugu yangu, mbona huruki pamoja nami? Wape watu moto!"

"Mimi natafsiri maneno," Mkalimani akamjibu. "Miguu yako wanaiona wenyewe."

Kanisa lilicheka hadi akina mama wakajifuta machozi kwa leso. Kijana wa watu alihubiri sehemu iliyobaki akiwa ametulia kabisa, na nasema kweli, ndipo tulipoelewa alichokuwa akisema.

Zahanati nayo ilimhitaji. Madaktari vijana waliletwa kwetu kutoka sehemu nyingine za nchi, hawajui Kikamba, na wazee wetu Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi tu. Siku moja mama mmoja mzee alisema anaumwa na ngoo. Kwa Kikamba ngoo ni moyo, na ni kifua, na ni mahali mtu anapoweka huzuni zake. Daktari alikwisha kushika kalamu. Mkalimani akamwambia angoje, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Mama, weka kidole panapouma."

Mama akaweka kidole chini ya mbavu. Akakitoa. Akaanza kulia, akaeleza kwamba mwanawe alikwenda kuwa utingo wa lori, akaonekana mara ya mwisho Mtito Andei, na simu yake haiingii. Mkalimani akamwambia daktari, "Maumivu yake ni mawili. Moja liko chini ya mbavu, hilo litibu. La pili liko Mtito Andei, na dawa yake huna." Nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimepeleka jicho langu.

Nataka msomaji akumbuke kidole cha mama huyo. Mkalimani alijua kuuliza. Kwa watu wetu alikuwa mnyenyekevu kiasi hicho: hakudhani kwamba anajua alichomaanisha mtu kabla mtu mwenyewe hajamwonyesha. Kwa Kiingereza hakuwa hivyo. Kiingereza alikiheshimu kupita kiasi, na mtu akiheshimu kitu kupita kiasi haoni kwamba nacho husemwa na watu wenye vinywa, wanaoweza kuulizwa.

Uaminifu wake ulikuwa mgumu kuishi nao. Tulipokwenda kuzungumza mahari na familia moja kutoka sehemu za kati, watu waliohamia barabara ya Mombasa kwa biashara, mzee wao alikataa kusema lugha yoyote ila yake. Mkalimani alikuwa ameijua katika soko la mifugo. Mzee akasema jambo akicheka chini ya masharubu, nasi tukangoja.

"Anasema," Mkalimani akatuambia, "mbuzi wenu wamekonda, lakini wamemshinda msemaji wenu kwa akili."

Msemaji wetu siku hiyo nilikuwa mimi. Watu nusura wainuke. Njiani tukirudi nilimkemea. "Hilo ungeliacha! Nani angejua?"

"Nikiliacha hilo, Mzee, la kesho utaliaminije?"

Swali hilo liliniudhi kuliko tusi lenyewe.

Nyumbani kwake hakusema. Mkewe, mama mcheshi ambaye naye ametutangulia, alizoea kusema kisimani, "Nyinyi mnadhani nimeolewa na msemaji. Kanisani ni redio. Akifika kwangu betri zimekwisha." Watoto wake walijifunza kusoma mabega yake. Hakuwahi kushuhudia kanisani hata siku moja, wala kuombea mkutano, wala kutoa shukrani za familia. Alipoombwa aseme neno lake mwenyewe, alifunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa, akatikisa kichwa.

Alichokipenda ni kamusi. Alikuwa na moja nene, mgongo wake umeshikizwa kwa plasta ya vidonda, na humo mlielezwa si maana ya maneno tu bali pia kila neno lilikotoka. Alinieleza mara nyingi, tukiwa tumeketi kwenye gogo nje ya duka la mahindi. Alisema neno ni kama mto wetu wakati wa kiangazi: juu ni mchanga mtupu, na anayetaka maji lazima achimbe. Mimi nilimwambia kwamba nimechimba mchanga huo tangu utotoni, na mara nyingine unachokipata chini ni matope. Alicheka kidogo. Hakuamini.

Sasa nalifikia neno lenyewe.

Tulikuwa tukijenga kanisa jipya la mawe. Wanaume walipiga saruji, wanawake walileta mchanga kutoka mtoni. Mke wangu, ambaye wajukuu wote humwita Susu kama watoto wa Kikamba wanavyowaita bibi zao, alikuwa tayari na wajukuu sekondari. Alipanda mteremko ule na debe la maji kichwani. Ngoja, mwenyewe yuko ndani pale, ameniita. Anasema lilikuwa debe la mchanga, si la maji. Andika mchanga. Akalitua, akajinyoosha, na kwa sababu miguu yake ilipenda hivyo, akacheza hatua chache za kwaya mbele ya wenzake, kisha akarudi kuleta debe jingine.

Mgeni alikuwa akitazama. Alikuwa mama wa Kizungu, mnene, mpole, aliyekuja kuona jengo na kuhubiri mchana ule, kisha aende zake kabla jua halijatua. Aliposimama kuhubiri, alitabasamu akasema kwamba asubuhi ile amemwona mama mzee aliye spraitli.

Nalisema nilivyolisikia. Mjukuu wangu aniambia Waingereza huliandika sprightly, lina herufi kadhaa ambazo hakuna anayezisema.

Mkalimani aliinua mkono. Ilikuwa desturi yake kumnyamazisha mhubiri kidogo ili apime neno. Mgeni alingoja, akitabasamu. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuguswa bega. Angeweza kumwuliza, "Mama, wamaanisha nini?" Hakumwuliza. Neno lile alikuwa amekwisha kulikuta katika kamusi yake, na alikumbuka lilikotoka: kwa viumbe vidogo vya hadithi za Kiingereza, virukavyo msituni, ambavyo jina lao nalo limetoka kwenye neno la roho. Mjukuu wangu ametazama katika simu, anasema Mkalimani hakukosea hapo. Asili ndiyo hiyo.

Lakini Kikamba kina roho za namna mbili. Ile ya Mungu ina jina lake, na Mkalimani aliona si halali kumpa Roho wa Mungu kazi ya viumbe vya msituni. Ikabaki namna ya pili, aimu, pepo wa wafu ambao huwapanda watu. Akashusha mkono.

"Mgeni anasema leo amemwona hapa mama mzee mwenye aimu."

Mgeni, akiona tumemgeukia Susu sote kwa pamoja, alidhani tunampongeza. Akapiga makofi. Alipiga makofi peke yake.

Ili mtu wa mbali aelewe, lazima nieleze kwamba mama mzazi wa Susu alikuwa mpiga ngoma ya kilumi, ngoma ya akina mama wazee ambayo kwayo mvua huombwa na pepo hutulizwa. Kanisa letu limeipinga ngoma hiyo tangu misingi yake. Susu alikuwa ameokoka akiwa msichana na hakuigusa. Lakini watu hawasahau mtoto ni wa nani. Kabla ya juma kwisha wazee wa kanisa walimwita, nami nikaenda naye.

"Mama," mmoja wao akaanza kwa upole, "hata mgeni asiyekujua ameona."

"Ameona debe la mchanga."

"Mama yako alipiga kilumi."

"Alipiga. Mimi alinipiga pia nilipokuwa mvivu. Ngoma yake sikuipiga."

Mzee mwingine aliguna. "Si utubu tu, yaishe? Tutakuombea, utakemea hayo mapepo, Jumapili unarudi kwaya. Ni jambo la dakika chache, mama."

"Nikitubu mapepo nisiyokuwa nayo," Susu akasema, "nitakuwa nimemdanganya Mungu, na nyinyi nyote mmeshuhudia."

Basi wakamweka nyuma. Katika kanisa letu kuwekwa nyuma ni kuketi benchi la mwisho, karibu na mlango unaoingiza vumbi, kutoimba kwaya, kutoshiriki Meza ya Bwana, na ukifa katika hali hiyo mchungaji hakuziki. Njia za kutoka huko zilikuwa mbili tu: Susu atubu, au Mkalimani aseme kwamba neno halikuwa hilo.

Nilikwenda kwake. Alileta kamusi kabla sijaketi, akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Sikulitunga, Mzee. Tazama."

"Nitazame nini? Sijui kusoma."

"Hapa. Linatoka kwenye pepo."

"Mwanangu wa kwanza alizaliwa barabarani, tukimkimbiza mama yake hospitali. Je, yeye ni barabara?"

Hakucheka. "Mtu si neno, Mzee."

"Na mke wangu pia si neno."

Alifunga kitabu taratibu. Kisha akasema, "Nikilibadilisha kwa sababu jirani yangu amekasirika, kuanzia leo sitatafsiri tena. Nitakuwa nawapa watu wanachotaka." Niliondoka bila kuaga.

Siwezi kumwita mtu mbaya. Aliwaendea wazee wa kanisa akawaambia kwamba yeye alitoa neno, adhabu hakuitoa, na kwamba mgeni alilisema kwa tabasamu. Wakamwuliza, "Lakini neno ni hilo?" Akasema ni hilo. Basi safari yake ikawa bure. Alipokutana na Susu njiani alivua kofia na kumpisha, hata kama kupisha kulimpeleka kwenye miiba. Susu aliitikia salamu yake kila mara. Mimi sikuitikia. Tuliishi hivyo, majirani ambao ng'ombe wao walinywa maji kisima kimoja.

Susu hakukosa Jumapili. Aliketi benchi lile la mwisho akiwa amevaa kitambaa cheupe cha chama cha akina mama, ambacho walimwambia akivue na hakukivua. Kwaya ilipoimba, aliimba midomo ikiwa imefungwa. Mkate ulipopitishwa, ulifika benchi la mbele yake ukarudi. Miaka ikaenda. Miguu yake ikaanza kuvimba, kisha ikaanza kukataa. Mchungaji mpya, kijana mwema, alikuja nyumbani akatueleza kwa huzuni kwamba hawezi peke yake kutangua jambo alilolikuta, na kwamba anaomba tu tumalize mapema. Tulielewa alichokuwa akisema. Wanangu wakaapa kwamba itakapobidi watachimba kaburi wenyewe na kuimba wenyewe.

"Sauti zenu nazijua," Susu akawaambia. "Afadhali niwaimbie mimi mkiwa mnachimba."

Wakati huo Mkalimani alikuwa amefiwa na mkewe, na binti yake akamchukua kwake Makindu. Hatukuonana kwa muda mrefu. Kisha mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, nilikuwa nikitengeneza ua wa mbuzi nikaona koti la rangi ya majivu likipanda njia. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akaketi chini, na bila salamu akaanza kunieleza. Huo ndio uliokuwa usemi wake mrefu kuliko wote niliopata kuusikia ukiwa wake.

Alikuwa akienda mara kwa mara pale kwenye hekalu la Singasinga, wale Wahindi wenye vilemba, ambako msafiri yeyote hupewa chakula, kwa sababu alipenda kusikiliza lugha za wapita njia. Siku moja sufuria kubwa ilitaka kupinduka. Akaruka kutoka kwenye benchi akaidaka kwa kitambaa. Mama mmoja mgeni, mzee, aliyekuwa mezani, akamwambia mumewe kwamba mzee huyu ni spraitli.

"Nikahisi nimemwagiwa maji," alisema. "Nikamwendea. Nikamwuliza, 'Mama, umeona pepo gani kwangu?' Akashtuka. Akasema, 'Pepo? Nimesema tu kwamba u mzee na bado u mwepesi.' Nikamwuliza kama neno hilo angempa kijana. Akasema kijana hapewi. Kijana kuruka si ajabu. Hupewa mtu ambaye watu walidhani amekwisha kukaa chini, kumbe bado." Akaniinulia macho. "Mzee, ni sifa. Siku ile alikuwa anamsifu."

"Na hao pepo wa kamusi?"

"Walikuwako zamani. Waliondoka ndani ya neno kabla babu zetu hawajazaliwa. Mimi nilichimba hadi chini nikaleta mifupa yao, nikamvisha mke wako."

Nilimpeleka ndani. Susu alikuwa kitandani, miguu juu ya mto. Mkalimani akasimama mlangoni akamwambia yale yale, kwa ufupi, macho yakiwa sakafuni. Kisha akasema, "Mama, naomba unisamehe."

"Ulilisema wapi?" Susu akamwuliza.

"Lipi?"

"Lile la aimu. Ulilisema hapa chumbani?"

"La. Kanisani."

"Basi mbona umelileta hili hapa?"

Niliona mkono wake ukienda kwenye kifungo cha koti. Nilijua anachokiogopa. Hapangekuwa na mhubiri kando yake, wala Kiingereza cha kugeuza. Angelazimika kusimama mbele ya watu na maneno yake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi ya mkewe.

Jumapili hiyo wanangu walimbeba Susu kwenye kiti cha plastiki hadi kanisani. Mchungaji alitaka wamweke mbele. Akakataa, akawaonyesha benchi lake. Baada ya nyimbo Mkalimani akaitwa. Alishika kipaza sauti akakaa kimya hadi watu wakadhani kimeharibika. Mtu mmoja mbele akasema taratibu, "Pole pole, baba."

"Mgeni yule," akaanza, na sauti ile tuliyoijua ilikuwa imekonda, "mgeni yule hakusema mama huyu ana aimu. Mimi ndiye niliyesema. Mgeni alisema hapa kuna mtu ambaye uzee umemfikia lakini haujamshika. Ndiyo maana ya neno lile. Siku ile, kati ya siku zote, nilisema neno langu mwenyewe, nikaliweka kinywani mwa mgeni, nanyi mkamweka mama nyuma kwa ajili yake. Halikuwa neno la mgeni. Lilikuwa langu. Nalirudisha."

Akaweka kipaza sauti mezani, akatoka nje kwa mlango wa pembeni.

Wazee wa kanisa walitazamana, wakanong'ona, kisha mchungaji akanyoosha mikono. "Mama, mambo yamekwisha. Njoo mbele."

"Sikuja huku nyuma kwa miguu yangu," Susu akajibu, na kanisa zima lilimsikia. "Nililetwa na neno. Na sasa hata hiyo miguu sina. Meza ije hapa."

Mchungaji hakusita. Alichukua sahani ya mkate akashuka nayo katikati ya mabenchi, hadi mlangoni kwenye vumbi, akainama. Susu akala. Kisha akaniashiria nisogeze sikio, akaniambia jambo, akanituma.

Nilimkuta Mkalimani ameketi kwenye jiwe lililobaki katika ujenzi, kofia magotini. Nilisimama mbele yake. Tangu siku ya kamusi sikuwa nimemwendea hata mara moja.

"Nilikuwa nachungulia dirishani," alisema. "Nimeona amekuambia kitu. Masikio yangu hayakufika huko, Mzee. Amesema nini?"

"Amesema umekawia hadi neno lako limekuja miguu yake ikiwa imekwisha kufa, na kwamba hawezi tena kulivaa. Amesema alilia miaka mingi wewe ukivua kofia. Na amesema uingie, kwa sababu hujala tangu asubuhi."

Alinitazama kwa makini, shingo mbele, kama alivyowatazama wahubiri wote wale.

"Hukuongeza kitu?"

"Sikuongeza."

"Hukupunguza?"

"Sikupunguza."

Alivaa kofia, kisha akakumbuka anakokwenda, akaivua. Nikampa mkono ainuke, tukaingia.